Maswali ya wasomaji: Kodi, notisi na ahadi za mgombea wa wadi

Barua za mwezi huu karibu zote ni za nyumba hapa Mombasa. Uchaguzi ni Agosti 2027, lakini karatasi za ahadi zishaanza kupenyezwa chini ya milango, na wapangaji wanataka kujua lipi ni la kushika na lipi ni la kufungia mahamri. Tumejibu tulizoweza. Barua ndefu tumezifupisha.

Mgombea wa udiwani katika wadi yetu amegawa karatasi yenye ahadi tano: kodi isipande zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka, mpangaji asifukuzwe bila amri ya korti, dawati la wapangaji lifunguliwe wadini, kila nyumba ya kupanga iwe na maji na choo kizima, na wenye nyumba bila ardhi wapewe hati. Anaweza kuyafanya haya? — Mpangaji, Tudor

Mawili anaweza kuyasukuma akiwa na bidii. Moja ni sheria tayari. Mawili hayamo mkononi mwake kabisa.

Tuanze na kodi. Sheria inayodhibiti kodi za nyumba za kuishi ni ya taifa, Sura ya 296, na inazigusa tu nyumba ambazo kodi yake halali haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Matokeo yake ni kinyume cha wanavyodhani wengi: aliyepanga chumba kimoja cha uani kwa Sh2,000 ana kinga kubwa kuliko aliyepanga fleti ya Sh18,000 kule Nyali. Wa chumba cha uani akipandishiwa kodi ovyo anaweza kwenda kwenye baraza la kodi ya nyumba, lile watu huliita traibyuno, likaamua kodi halali ni ngapi. Wa fleti anategemea mkataba wake. Kama mkataba umenyamaza kuhusu nyongeza, au hakuna mkataba, amebaki na maneno ya mdomo.

Kuinua kile kiwango cha Sh2,500, au kuweka asilimia 5, ni kazi ya Bunge la Taifa. Katiba imeipa kaunti kazi ya nyumba chini ya mipango na maendeleo yake, na sera ya nyumba imeiachia serikali ya taifa. Anayetaka kubadilisha Sura ya 296 agombee ubunge.

Anachoweza diwani ni kuleta hoja. Hapa ndipo wapiga kura wengi hupotezwa. Hoja ni rai ya bunge la kaunti: inapitishwa kwa makofi, inaandikwa katika kumbukumbu, na mwenye nyumba wako halazimiki kuisoma. Mswada ndio huwa sheria. Ukishapita, gavana ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha, na akikaa kimya siku hizo zikapita, unahesabiwa umekubaliwa. Basi mgombea akisema "nitapitisha bungeni", muulize neno moja tu: hoja au mswada?

Kufukuzwa bila amri ya korti tumekujibu katika barua ya Bamburi hapo chini. Ahadi hiyo ni kuuziwa maji ya bahari nawe unaishi ufukweni.

Dawati la wapangaji linawezekana, lakini si yeye atakayelifungua. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamkataza diwani kujiingiza katika kazi za watendaji au kutoa huduma kama kwamba ni mfanyakazi wa kaunti. Kwa hivyo hawezi kuajiri karani, kukodi ofisi wala kushika pesa za dawati. Kazi yake ni kuhakikisha fungu la pesa limeandikwa katika bajeti, kisha kumwandama waziri wa kaunti anayehusika mpaka litumike. Bajeti nayo ina tarehe zake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa sera ya fedha kufikia 28 Februari, na makadirio yenyewe kufikia 30 Aprili, ili mwaka mpya wa fedha uanze 1 Julai. Kitu kisichoonekana katika mpango wa Septemba hupata shida kuingia Aprili, kwa sababu bunge likiongeza fungu moja ni lazima lipunguze jingine. Diwani akiapishwa baada ya uchaguzi wa Agosti 2027, bajeti ya mwaka huo inakuwa ishapitishwa Juni na bunge lililotangulia. Anayekuahidi dawati kufikia Krismasi ya 2027 ama hajui kalenda, ama anajua wewe huijui.

Maji na vyoo ndiyo ahadi yenye uzito, ingawa kwenye karatasi imewekwa nambari ya nne kama kitu kidogo. Afya ya umma ni kazi ya kaunti. Bwana afya ana uwezo wa kumwandikia mwenye nyumba notisi aondoe uchafu unaohatarisha afya, na asipotii anapelekwa kortini. Chukua ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, bafu na choo kimoja uani. Ilijengwa kwa familia moja. Leo ina wapangaji sita, kila chumba kina watu watatu au wanne, na shimo la choo ni lilelile. Likifurika, wapangaji huchangishana kuleta eksosta, gari la kunyonya uchafu wa choo, wiki mbili baadaye limejaa tena, na maji yale yanazama kuelekea kisima cha jirani. Kisheria gharama ile ni ya mwenye nyumba. Notisi hazitolewi kwa sababu mabwana afya ni wachache na hawana gari. Kwa hivyo swali la kumuuliza mgombea si kama anapenda vyoo safi, ni mabwana afya wangapi anataka waongezwe na pesa zao zitatoka fungu gani.

Kuhusu maji, kuwa mwangalifu na anayesema yatatiririka saa 24. Kampuni ya maji ya Mombasa ni ya kaunti, lakini maji matamu yenyewe yanatoka Baricho, Marere na Mzima, nje ya kaunti, na hununuliwa kwa jumla kabla hayajafika kwenye mfereji wako. Diwani anaweza kushinikiza mabomba ya mtaani yarekebishwe. Hawezi kuongeza maji ya Mzima. Ahadi ya hati tumeijibu katika barua ya Majengo hapo chini.

Nilichelewa kulipa kodi miezi miwili. Nimerudi kazini nimekuta mwenye nyumba ameng'oa mlango na mabati mawili ya juu, kisha anasema nyumba ni yake. — Bamburi

Nyumba ni yake, lakini haki ya kukaa ndani ni yako mpaka upangaji uishe kwa njia ya sheria. Kung'oa mlango, kuezua paa, kukata umeme au kutia kufuli la pili ni njia za mkato. Zinamgeuza mwenye nyumba kutoka mdai kuwa mdaiwa.

Kama kodi yako ni Sh2,500 au chini, hawezi kukutoa bila amri ya baraza la kodi. Kama ni zaidi, na unalipa kila mwezi bila mkataba wa muda, Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 57, inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja, tena iishie siku ya kulipa kodi. Notisi ikiisha nawe hujatoka, aende kortini. Kwa deni la kodi sheria inamruhusu kutumia dalali mwenye leseni akamate mali, lakini dalali huyo ni lazima awe na maagizo ya maandishi na aorodheshe vitu anavyovikamata. Mwenye nyumba na wapwa zake wawili si dalali.

Fanya hivi leo, kabla ya kulala. Piga picha mlango na paa, moja kwa karibu na moja kwa mbali ionyeshe nyumba nzima. Nenda kituo cha polisi uandikishe na uondoke na nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio. Kama kuna vitu vilivyopotea, vitaje kimoja kimoja, kwa sababu maneno "vitu vya nyumba" hayamsaidii mtu baadaye. Kusanya jumbe zote za M-Pesa za kodi uliyolipa. Ikiwa hulipi kwa simu na hupewi risiti, jirani mnayelipa pamoja aandike maelezo na kutia sahihi. Kesho yake nenda baraza la kodi au kortini kuomba amri ya kurudishwa ndani. Huna wakili, Kituo cha Sheria wana ofisi hapa Mombasa na husaidia wasio na uwezo.

Usiache kulipa kodi ya mwezi huu kwa hasira. Hakimu wa kwanza utakayemfikia atauliza deni, na ukiwa umelipa hata nusu, mizani inageuka. Mwenye nyumba akikataa kupokea, mtumie kwa simu. Akiirudisha, hifadhi ujumbe wa kurudishwa.

Nyumba ni yangu, nimeirithi kwa mama, lakini ardhi ni ya mtu mwingine na tunamlipa kodi ya kiwanja. Mgombea anasema akichaguliwa tutapata hati. Niamini? — Majengo

Bibi yangu, hati hutolewa na msajili wa ardhi, ambaye ni afisa wa serikali ya taifa. Bunge la kaunti halina kalamu hiyo.

Wasomaji wa bara hushangaa wakisikia "nyumba bila ardhi", lakini hapa kwetu ni jambo la vizazi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliandikisha viwanja vya Mwambao kwa majina ya waliokuja kudai wakati ule. Wengine waliendelea kujenga kwa ruhusa ya mwenye kiwanja na kumlipa kidogo kila mwezi au mwaka. Kuta, mabati na milango ni mali yako, unaweza kuiuza na kuirithisha. Udongo ulio chini yake si wako. Ndiyo sababu benki haikukopeshi, na ukitaka kubomoa ujenge ghorofa, idara ya mipango ya kaunti itakudai hati au ruhusa ya mwenye ardhi kabla ya kupitisha ramani.

Ili wewe upate hati kuna njia mbili za kweli. Mwenye ardhi akuuzie, nawe umlipe mpimaji akate kiwanja chako. Au serikali ya taifa inunue ardhi hiyo kutoka kwake na kuigawa kama makazi. Zote mbili zinahitaji pesa nyingi kuliko mfuko wa wadi yoyote, na ikiwa ardhi ni ya wakfu, kuuzwa kwake kuna masharti yake mengine kabisa.

Mgombea mwenye nia anaweza kushughulika na jambo dogo lenye faida kubwa: orodha. Nani ana nyumba gani, kwenye kiwanja nambari ngapi, anamlipa nani, tangu lini. Bila orodha hiyo hakuna serikali itakayonunua wala mwenye ardhi atakayekubali kuzungumza na nyumba mia kwa pamoja.

Kwa upande wako, linda risiti za kodi ya kiwanja kuliko unavyolinda dhahabu. Mchezo unaoharibu familia nyingi huanza mwenye ardhi anapofariki. Warithi wanaacha kupokea kodi, miaka mitatu inapita, kisha wanakuja na barua kwamba wewe ni mvamizi kwa sababu hulipi. Mtu akikataa kodi yako, mpelekee kwa njia yenye alama: simu, benki, au barua iliyosajiliwa posta ikisema pesa ziko tayari. Na ukipewa notisi ya kuondoka kama mvamizi kwenye ardhi ya mtu binafsi, Sheria ya Ardhi baada ya marekebisho ya 2016 inataka miezi mitatu, kwa maandishi, na inakupa haki ya kwenda kortini kuipinga kabla haijaisha. Ile miezi mitatu si ya kusubiri. Ni ya kutafuta wakili.

Sisi ni wapangaji wa nyumba za kaunti. Tumeambiwa mtaa utavunjwa kujengwa majumba mapya kama Buxton. Mgombea mmoja anasema atazuia, mwingine anasema tutapewa nyumba za bei nafuu. — Wapangaji, Likoni

Hapa ndipo diwani ana meno, na ndipo inapofaa kumbana zaidi kuliko ahadi zote tano za msomaji wa Tudor. Mwenye nyumba wenu ni kaunti yenyewe. Bunge la kaunti linapitisha bajeti yake na linaweza kumwita waziri mbele ya kamati akae na mikataba mezani.

Mitaa ya zamani ya kaunti imekuwa katika mipango ya kujengwa upya kwa miaka mingi, na Buxton ilitangulia. Kila mpangaji wa Buxton alilipwa Sh240,000 ahame wakati wa ujenzi. Piga hesabu: ukizigawanya kwa miezi 24, ni Sh10,000 kwa mwezi. Kwa aliyekuwa akiilipa kaunti kodi ndogo sana ni pesa nyingi siku anapozishika, lakini ujenzi ukichelewa mwaka mmoja zaidi, zimekwisha naye bado yuko kwenye nyumba ya kupanga. Kiwango chochote mtakachoahidiwa nyinyi, kipimeni kwa miezi, kisha muulize nani analipa mwezi wa 25.

"Atazuia" na "mtapewa" zote ni maneno ya jukwaani. Mtakeni kila mgombea aseme msimamo wake juu ya mambo haya, kwa maandishi. Bei ya nyumba mpya itapangwa vipi kwa mpangaji wa zamani, na je imeandikwa kwenye mkataba wa kaunti na mjenzi au imesemwa tu mkutanoni? "Kupewa nafasi ya kwanza" maana yake ni nini: siku 30 za kulipa dipoziti au mwaka mzima? Asiyeweza kununua atapangishwa palepale au ndiyo kwaheri? Mzee wa miaka 70, ambaye hakuna benki itakayempa mkopo wa miaka 20, atasainiwa na nani?

Kuna jambo ambalo wapangaji wenyewe huliogopa na ndilo huwaumiza: jina lililo kwenye rejista ya kaunti si la anayeishi ndani. Baba alipewa nyumba zamani, akafariki, watoto wamebaki. Au aliyepewa alihamia Mtwapa na amempangisha mtu. Siku ya malipo ya kuhama, karani anasoma rejista. Kama mko hivyo, anzeni sasa, kabla ya tangazo lolote: cheti cha kifo, barua ya chifu, risiti za kodi za miaka ya karibuni, na barua ya kuomba jina libadilishwe. Malimbikizo ya kodi nayo yalipwe au yaombewe mpango wa kulipa kidogo kidogo, maana deni ndilo kisingizio chepesi zaidi cha kukuondoa kwenye orodha.

Nimehama nyumba ya Sh15,000. Mwenye nyumba anakataa kurudisha dipoziti, anasema ni ya rangi na kwamba sikutoa notisi vizuri. — Kisauni

Kwa maelezo yako, uliandika notisi tarehe 20 Juni na unalipa kodi kila tarehe 5. Wewe ulihesabu mwezi ukatoka 20 Julai. Kwa kifungu cha 57 tulichotaja juu, notisi iwe mwezi mmoja na iangukie siku ya kodi, kwa hivyo yako iliishia 5 Agosti. Kama mkataba wako hausemi vingine, ana haki ya kudai siku hizo. Ungeandika tarehe 4 Juni, ungetoka 5 Julai bila deni. Siku moja tu inaweza kugharimu mwezi.

Rangi ni habari nyingine. Ukuta uliofifia kwa kukaliwa miaka mitatu si uharibifu. Tundu la msumari, alama ya mafuta jikoni, kitasa kilichovunjika: hayo unaweza kudaiwa, kwa gharama ya kurekebisha hayo tu. Mwambie akuonyeshe risiti ya fundi. Wengi huishia hapo.

Asiporudisha salio, mwandikie barua ya madai yenye kiasi, tarehe uliyotoka na siku 14 za kulipa, kisha nenda Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Dai lako liandike kama pesa zako anazozishikilia mtu. Ukiliandika kama ugomvi wa nyumba utafukuzwa mlangoni, kwa sababu mahakama hiyo hairuhusiwi kusikiliza kesi za nani ana haki ya kukaa wapi.

Mara nyingine, siku ya kuingia piga picha kila chumba, na mita ya umeme nambari zisomeke.

Nina duka la nguo Kongowea. Msimamizi wa nyumba amenitumia ujumbe wa WhatsApp: "ondoka mwisho wa mwezi." Nimelipa gudwili, pesa ya kuingilia duka. — Muuza nguo

Kama nyumba ni ya mtu binafsi na huna mkataba wa maandishi, au unao wa muda usiozidi miaka mitano, duka lako linalindwa na Sura ya 301, sheria ya upangaji wa maduka, hata kodi iwe ngapi. Notisi ni lazima iwe kwenye fomu rasmi, itoe sababu, na ikupe miezi miwili isiyopungua. Ujumbe ule si notisi.

Lakini usijikalie. Siku fomu ya kweli itakapokuja, una mwezi mmoja wa kumjibu mwenye nyumba kwa maandishi kwamba hukubali, na ni lazima ufungue shauri kwenye baraza la kodi za nyumba za biashara kabla ya tarehe iliyotajwa. Ukijibu tu bila kufungua shauri, notisi inafanya kazi. Wafanyabiashara wengi huangukia hapo: wamejibu kwa ukali, wakadhani yamekwisha.

Gudwili haitakusaidia bila maandishi. Na kama kibanda chako kimo ndani ya soko la kaunti, soma aya hii kinyume: sheria hiyo haihusu upangaji ambao kaunti ni mmoja wa wahusika. Wenye vibanda vya kaunti hawana baraza la kukimbilia, wana kanuni za kaunti na diwani wao. Hao ndio wanaopaswa kuhudhuria mikutano ya wagombea kwa wingi, lakini ndio hubaki dukani.

Kuna kijana anatuandikisha nyumba za bei nafuu kwa Sh500 kila mmoja, anasema ametumwa na mgombea. — Jomvu

Msimpe. Kujiandikisha Boma Yangu, mtandao wa serikali wa kuomba nyumba hizo, ni bure na unajifanyia mwenyewe kwa simu. Ugawaji unasimamiwa na bodi ya taifa chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Diwani hana orodha, wala mgombea. Sheria hiyo inaweka wenye kipato cha chini ya Sh20,000 kwa mwezi kwenye nyumba za jamii, na wa Sh20,000 hadi Sh149,000 kwenye nyumba za bei nafuu, na mnunuzi huenda akatakiwa awe na dipoziti.  Ile asilimia 1.5 unayokatwa kwenye mshahara haihesabiwi kuwa dipoziti yako.

Tunataka kupeleka malalamiko ya mtaa mzima kwenye bunge la kaunti bila kungoja uchaguzi. Tunaandikaje? — Kamati ya wapangaji, Changamwe

Mna haki hiyo, na inaitwa ombi. Liandikeni kwa Kiswahili, linakubalika. Litumwe kwa karani wa bunge la kaunti. Juu liseme ni ombi kuhusu nini, kwa mstari mmoja. Kisha elezeni jambo lenyewe kwa tarehe na mahali, si kwa hisia: "shimo la choo la nyumba hizi tatu limefurika tangu Machi" lina nguvu kuliko "tunateseka". Semeni mlishapeleka wapi na mkajibiwa nini, na mseme kama kuna kesi kortini juu ya jambo hilo au hakuna. Sehemu hii wengi huiruka, na ombi hurudishwa.

Mwisho andikeni mnachotaka bunge lifanye. Ombi lisilo na takwa huishia kusomwa tu. Takeni kitu ambacho kamati inaweza kukiamua: bwana afya atumwe akague, waziri aitwe ajibu, fungu liwekwe kwenye makadirio yajayo. Kila mmoja aandike jina, anwani, nambari ya kitambulisho na kutia sahihi au dole gumba. Pasiwe na kufutafuta wala kuandika juu ya maandishi. Karatasi za sahihi zote ziwe na kichwa cha ombi juu yake, kwa sababu karatasi ya sahihi isiyo na kichwa inaweza kubandikwa kwenye jambo lolote.

Pelekeni nakala mbili. Moja inabaki kwa karani, ya pili mrudi nayo ikiwa imepigwa muhuri wa kupokewa na tarehe. Kisha chukueni picha ya ule muhuri na kila mjumbe wa kamati abaki nayo kwenye simu, maana nakala ya karatasi hukaa kwa mwenyekiti, na mwenyekiti naye ni mpangaji, huhama.